Goti la Shukrani

Kila asubuhi Nakhumicha alikunywa chai akiwa amesimama. Aliimimina kwenye kisosi, akaegemea fremu ya mlango wa chumba chake pale Kiganjo, Thika, akaipuliza na kuivuta kwa sauti, kisosi baada ya kisosi, hadi kikombe kikaisha. Si kwamba hakuwa na kiti. Viti alikuwa navyo viwili na stuli moja. Lakini kukaa, alikuwa akisema, mtu yeyote anaweza. Kazi ni kuinuka. Akishakaa asubuhi, magoti yalishikana kama kufuli iliyonyeshewa, na ilimbidi ashike meza, ashike ukuta, amwite Yesu, ndipo ainuke. Basi chai akainywa wima, na majirani wa plot ile ya vyumba vya kupanga wakapata cha kumtania.

"Mama Mourine, unalinda geti ama unakunywa chai?"

"Nalinda ndoo yangu. Jana iliingia kwako ikalala huko."

"Wuui, huyu mama! Ndoo ilitembea yenyewe!"

"Basi imenishinda mimi kutembea."

Wakacheka, naye akacheka, halafu akaingia ndani kuinua sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe ya kuuza, na hapo ndani hakucheka.

Kwao ni Kimilili, na jina la Nakhumicha alipewa kwa sababu alizaliwa watu wakiwa shambani wanapanda. Thika alikuja akiwa msichana wa miaka ishirini, akimfuata mume wake, Obiero, mtu wa Ugenya, ambaye alikuwa amepata kazi kwa kiwanda cha nguo. Yeye pia akaandikwa hapo. Alisimama kwa mashine miaka ishirini na miwili, uzi ukikatika anaunga, uzi ukikatika anaunga. Obiero alipofariki wakamzika kwao, kiwanda nacho kikapunguza watu, na Nakhumicha akabaki na binti mmoja, Mourine, na magoti mawili yaliyokuwa yameanza kulia kama mlango mbovu. La kushoto ndilo lilikuwa baya kabisa. Lilipinda kwenda nje, mpaka viatu vyake vilikuwa vinaisha upande mmoja tu.

Lakini ukitaka kujua lile goti lilikuwa limemnyang'anya nini, usimwangalie akiuza githeri. Mwangalie Jumatano.

Kila Jumatano kina mama wa Kanisa la Mlango wa Rehema walikutana saa sita mchana kuomba. Kanisa lenyewe ni la mabati, sakafu ni ya simiti, na kina mama walitandika magunia wakapiga magoti mpaka saa nane. Nakhumicha ndiye alikuwa akiongoza. Sauti yake ilikuwa ya chini, haikupiga kelele, lakini akianza kuomba hata watoto walionyamazishwa kwa biskuti walinyamaza bila biskuti. Miaka kumi na mitatu aliongoza hivyo, yuko mbele kabisa, magoti chini, mikono juu. Halafu goti likakataa. Kwanza alipiga magoti kwa mto. Kisha kwa mito miwili. Kisha siku moja alipiga magoti akashindwa kuinuka, wakamwinua watu watatu, na Jumatano iliyofuata akakuta amewekewa kiti cha plastiki kule nyuma, pamoja na shosho wawili na mama mjamzito.

Hakuna aliyemwambia kitu kibaya. Walimwekea kwa upendo. Lakini aliketi pale akiangalia migongo ya wenzake, nyayo zao zikimtazama, na mtu mwingine akiongoza, na akaona ni kama amekuja kanisani kutembea tu, kama mgeni.

Rafiki yake wa karibu alikuwa Mama Lynn, Gathoni kwa jina la kwao, aliyekuwa na kioski cha mayai na nduma mkabala na geti. Huyo ndiye alimsukuma aende hospitali.

"Utakaa kwa hiyo kiti mpaka lini? Wanaweka goti ingine siku hizi. Mama wa kule kwetu aliwekewa, saa hii anakimbiza mbuzi."

"Gathoni, wewe huwa unaongeza chumvi."

"Haki ya Ngai. Mbuzi dume."

Ikaenda ikawa. Bima ikalipa sehemu, Mourine akalipa sehemu, na palipobaki kanisa likafanya mchango. Pasta Kagwe mwenyewe alisimama na kapu. Alikuwa mtu mwembamba, fundi wa kushona viti vya magari siku za wiki, na alipenda kanisa lake kama mtu anavyopenda mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia. Watu walitoa. Aliyekosa pesa alileta kuku. Na walifunga siku tatu, kanisa zima, kwa ajili ya goti moja.

Mwezi wa pili Nakhumicha akaingia hospitali kubwa, wakamfungua goti la kushoto, wakaweka la chuma na plastiki.

Maumivu yake hakuyasimulia mtu. Alisema tu kwamba alizaa Mourine siku mbili na Mourine alikuwa mwepesi kuliko goti hili. Asubuhi ya pili akaja kijana mmoja wa mazoezi ya viungo, Muthoka, Mkamba mwenye tabasamu, akamwambia ashuke kitandani.

"Leo?" akauliza Nakhumicha.

"Leo, mum. Hii goti ukiiacha ilale, italala milele. Kunja."

"Mwanangu, inauma."

"Najua. Lia, lakini kunja. Kulia na kukunja vinaenda pamoja."

"Wewe una roho ya askari wa kanjo."

"Kanjo wanachukua vitu vya watu. Mimi narudisha."

Akakunja. Kila siku alikunja, machozi yakishuka hadi kwa shingo, na Muthoka akipima kwa kile kipimo chake na kupiga makofi kama mtu anayeangalia mpira. Siku ya kwenda nyumbani daktari alimkalisha na Mourine, akawaambia mambo matatu. Atembee kila siku. Kidonda kikitoa maji, hata tone moja, arudi siku hiyo hiyo, asingoje kliniki. Na asipige magoti.

"Mpaka lini, daktari?" akauliza Nakhumicha.

"Miezi hii ya kwanza usijaribu kabisa. Baadaye tutaona. Wengine huwa hawapigi tena, mama. Hii goti ni ya kutembea, si ya kupigia magoti."

Mourine aliandika kwa simu. Nakhumicha aliitikia kwa kichwa. Lakini ndani kitu kilianguka, kwa sababu yeye, tangu mwanzo, kutembea hakukuwa shida yake sana. Alichoombea goti, alichofungiwa siku tatu, ni kurudi pale mbele kwa magunia.

Wiki ya tano, Jumapili, kanisa likafanya ibada ya shukrani.

Wakamfuata nyumbani kina mama ishirini, vitenge vya aina moja, wakiimba tangu kwa geti. Mama Lynn alikuwa mbele akipiga kayamba mpaka kitambaa kikaanguka kichwani. Nakhumicha alitoka na mkongojo mmoja, na walipofika kona ya kanisa akampa Mama Lynn ule mkongojo amshikie, akaingia kwa mlango kwa miguu yake miwili. Kelele zilizopigwa mle ndani, mabati yalitetemeka.

Pasta Kagwe alikuwa analia waziwazi. Akashika maikrofoni.

"Kanisa, huyu mama alikuwa anakaa wapi?"

"Kwa kiti!"

"Kiti gani?"

"Cha nyuma!"

Vijana wakakiinua kile kiti cha plastiki, wakakipitisha juu ya vichwa vya watu hadi mbele, kama jeneza la furaha, na Pasta akakigeuza juu chini. "Kiti hiki leo hakina mwenyewe!" Watu wakaruka. Na hapo, kutoka sehemu ya kina mama, sauti moja ikasema, halafu kumi, halafu wote: "Magoti! Magoti! Magoti!"

Hawakujua. Mambo matatu ya daktari waliyajua Nakhumicha na Mourine, na Mourine siku hiyo alikuwa kazini Ruiru. Mtu hawezi kusema walimlazimisha. Angeweza kuinua mkono akasema bado, wangemsikia. Alisimama pale akaangalia ile sakafu, mahali ambapo mtu alikuwa tayari ametandika gunia, na akaitamani kama mtu wa kiu anavyotamani maji ya mtaro. Akashika bega la Mama Lynn. Akashuka. Goti la kulia likatangulia, la kushoto likafuata, na liliposhika chini akasikia ndani ya ngozi kitu kikiachia, taratibu, jinsi uzi wa gunia huachia ukivutwa mahali pake.

Hakuinuka. Aliinua mikono. Akaomba kwa ile sauti yake ya chini, na kanisa lote likanyamaza kumsikiliza, mara ya kwanza baada ya miaka minne. Alisema baadaye kwamba hajawahi kuomba vile tena. Na wakati huo wote alisikia joto likimshuka mguuni, kidogo kidogo, likiingia kwa soksi.

Nyumbani alifunga mlango akaangalia. Chini ya mshono, mahali palipokuwa na pini ya mwisho ya kushikia kidonda, palikuwa pamefunguka padogo kama jicho la kuku, na maji mepesi yalikuwa yanatoka. Tone moja. Halafu lingine.

Hata tone moja, arudi siku hiyo hiyo. Alikumbuka. Alikaa kitandani akiwa bado na kile kitenge, nje akiwasikia kina mama wakila wali na kurudia hadithi: alivyoshuka, alivyoinua mikono, mama fulani alivyozimia. Angetoka awaambie nini? Kwamba goti walilolifungia siku tatu limepasuka katikati ya shukrani? Akachana fulana yake nzee, akakunja kipande, akafunga hapo kwa bendeji, akatoka akala wali.

Hivyo ndivyo ilianza. Vipande vya fulana alivifua mwenyewe kabla watu hawajaamka, akavianika ndani, kwa kamba iliyopita nyuma ya kitanda. Maji mepesi yakawa mazito. Mazito yakawa na rangi. Goti likaanza kuwa la moto, na usiku alilala amelitoa nje ya blanketi. Siku ya kliniki, wiki ya sita, alivaa vizuri, akatoka getini ili majirani wamwone, akaenda akakaa kwa Mama Lynn hadi saa nane. Muthoka akapiga simu.

"Mum, tumekungoja. Mbona hukuja?"

"Mimi nimepona, mwanangu. Mpe mwingine hiyo nafasi."

"Kidonda iko sawa?"

"Iko sawa."

Mama Lynn alikuwa akimenya mayai, akasikia. Alikuwa na pua ya mtu wa biashara ya chakula, na kwa siku tatu alikuwa amejiuliza harufu hiyo inatoka wapi. Akaweka yai chini.

"Mama Mourine. Hebu inua hiyo nguo nione."

"Wachana na nguo yangu."

"Inua."

Akainua. Mama Lynn akaona, akashika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Ngai wakwa! Twende hosipitari. Twende sasa hivi. Naita boda."

"Hapana." Nakhumicha alimshika mkono, akamshika kwa nguvu mpaka bangili ikamwumiza. "Jumapili hii naenda Gatongora na Pasta. Tawi la kule linanisubiri. Ametangaza wiki mbili. Wacha nitoe ule ushuhuda nimalize, Jumatatu naenda mwenyewe. Niapie hutasema."

"Mama Mourine, hii kitu inanuka."

"Niapie, Gathoni."

Mama Lynn aliapa. Siku nne. Aliona siku nne si nyingi.

Ile Jumapili pale Gatongora, Ruiru, tawi lao lilikuwa linaomba katika ukumbi wa kukodi juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ngazi kumi na saba. Nakhumicha alizipanda akitabasamu, jasho likimtoka kwa mdomo wa juu. Alisimama mbele, akasema alivyokuwa anakaa kwa kiti, akasema alivyopiga magoti. Machoni mwake ukumbi ulikuwa unaenda mbali na kurudi. Mourine, ambaye alikaa mtaa huo huo na mume wake Mwas, alikuwa amekuja kumsikiliza mama yake, na alikuwa amekaa safu ya pili akimrekodi kwa simu. Kwa ile simu ndogo, alipovuta picha karibu, ndipo aliona mama yake anatetemeka meno.

Wakamteremsha hadi kwa nyumba ya Mourine, nyumba ya tatu kutoka barabarani. Mlangoni Nakhumicha akakataa kuingia.

"Mathe, ingia upumzike," Mwas akasema. "Hii nyumba si ni yako?"

"Ni ya mkwe wangu. Kwetu mama halali kwa nyumba ya mkwe. Nipelekeni Thika."

"Mum, una homa!" Mourine akasema.

"Homa itaisha Thika."

Mwas, ambaye kwao Murang'a mama mkwe akija anapewa hadi kitanda, alitoa kiti nje, chini ya kamba za nguo, kwa heshima, bila kubishana. Mourine akapiga magoti mbele ya mama yake kumvua viatu vipate hewa. Soksi ya kushoto ilikuwa imeshikana na ngozi. Akainua nguo.

Hakupiga kelele. Aliangalia, akainua uso akamwangalia mama yake, akashusha tena macho.

"Tangu lini?"

Nakhumicha alivuta nguo kulifunika goti.

"Mum, nimekuuliza, tangu lini?"

"Tangu shukrani."

Mwas alikuwa tayari amekimbia kutafuta gari.

Hospitalini daktari ni yule yule. Hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa afadhali. Aliuliza tu kwa nini hakuja siku ya kwanza, wakati kuosha na dawa vingetosha, na Nakhumicha akageuza uso kwa ukuta. Wakaosha. Kidonda hakikupona. Wakaosha tena. Vijidudu vilikuwa vimeshika chuma, na vikishika chuma, daktari alisema, dawa haivifikii. Mwezi wa nne wakalitoa lile goti. Mahali pake wakaweka saruji yenye dawa, na akalala wiki sita na dripu mkononi, mguu umefungwa kwa ubao, akiangalia dirisha lililokuwa na nusu ya mti.

Muthoka alikuja siku moja, akasimama mwisho wa kitanda. Hakuwa na kipimo.

"Ulinidanganya kwa simu, mum."

"Nilikudanganya."

"Mimi nilikuwa nawaambia wagonjwa wengine habari yako. Vile ulikuwa unakunja."

"Usiwaambie tena."

Kijana akavuta kiti akakaa naye hadi saa ya kuwaona wagonjwa ikaisha.

Pasta Kagwe alikuja na wazee wawili wa kanisa. Walileta matunda, wakaomba. Wazee walipotangulia nje, Nakhumicha akamwita.

"Pasta. Ni ile siku ya magoti. Daktari alikuwa amenikataza. Nilipiga magoti ikafunguka, nikaficha."

Pasta alikuwa amesimama dirishani. Mkono wake, uliozoea sindano kubwa ya kushona ngozi, ulianza kutafuta kitu cha kushika.

"Ni mimi niligeuza kile kiti," akasema polepole.

"Hukujua."

"Sikujua." Akatazama mlango waliotokea wazee. Kisha akasema, "Mama, hilo neno tuliache hapa hapa. Kuna watu waliokoka kwa ajili ya ile siku. Tuseme ni jaribu. Wakisikia ni magoti, watavunjika moyo."

"Na mimi watasema nini juu yangu?"

"Watakuombea."

Mwezi wa sita daktari akaja na picha. Mfupa ulikuwa umeliwa. Goti lingine la chuma halingeshika. Wangeweka chuma kirefu ndani, mfupa wa paja uungane na wa mguu, viwe kitu kimoja. Uchafu ungeisha. Maumivu yangepungua. Angetembea.

"Lakini halitakunja tena," daktari akasema. "Kamwe, mama. Nataka uelewe kabla uweke sahihi."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akaweka sahihi. Jina aliliandika nusu.

Kupona kulichukua mwaka uliobaki. Mourine alikodisha chumba kimoja kwenye plot hiyo hiyo ya Gatongora, mlango wa nne kutoka kwake, ili mama asilale kwa mkwe na asiwe mbali. Choo kilikuwa cha kukaa, na hata hapo ilibidi afungue mlango mguu utokee nje, Mourine akisimama na leso kumkinga. Alijifunza kulala, kuinuka, kuvaa soksi kwa kutumia waya Mwas alioukunja. Boda hakuweza kupanda. Mguu ulikuwa umepungua urefu kwa upana wa vidole viwili, wakampeleka kwa Gathogo, fundi wa viatu wa Kiandutu, akamwongezea soli ya tairi.

"Mama, hiki kiatu kitakuzika," Gathogo akasema akikigonga. "Tairi ya lori hii. Inaenda Mombasa na kurudi."

"Na mimi naenda wapi?"

"Popote. Ila usikimbie, utaniaibisha."

Alicheka, kidogo. Alipokivaa akatembea barabarani kule Kiandutu, mguu ukawa unakwenda kwa kuzunguka, ukichora nusu duara kwa vumbi, hatua kwa hatua. Maumivu kweli yalikuwa yamepungua. Lile la moyoni ndilo halikupungua.

Maana simu za Mama Lynn zilikuwa zikija. Mwanzo alikuwa akisema kanisa linakusalimia. Halafu akaanza kusema kwa kuzunguka. Halafu siku moja, akilia, akasema yote: kuna wanaosema Mama Mourine alipokea uponyaji imani ikapungua. Kuna wanaosema kuna dhambi alificha, ndiyo sababu Mungu alichukua goti lake. Na Jumatano, yule anayeongoza sasa alimtaja kama mfano.

"Nawe ulisema nini, Gathoni?"

Upande wa pili Mama Lynn alipenga kamasi.

"Wewe uliona kwa macho. Ulisema nini?"

"Niliapa, Mama Mourine. Uliniapisha."

Nakhumicha aliweka simu chini. Goti hakulitaka tena; alijua limekwenda. Alitaka kitu kimoja tu: wale watu, waliofunga siku tatu kwa ajili yake, wasikie kutoka kinywani mwake kwamba si Mungu na si dhambi. Ni kidonda kilichopigishwa magoti mapema, na mwanamke aliyeona aibu kukisema. Wakishasikia, wamwekee kiti popote watakapo.

Jumapili ya pili ya Januari Mourine akamleta Kiganjo kwa gari la kukodi. Alitaka kuingia naye. Nakhumicha akamwambia abaki kwa gari.

Aliingia ibada ikiwa imeanza. Watu walipomwona wakapiga vigelegele, vya kweli, na wengine wakatoa machozi wakiona mguu unavyozunguka. Vijana wakakimbilia kiti. Akatikisa kichwa. Kwenye kiti mguu wake ungekaa katikati ya njia kama mti ulioanguka, heri asimame. Pasta Kagwe alimwangalia muda mrefu, halafu akateremka, akamletea maikrofoni mwenyewe hapo katikati ya njia aliposimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mimi ni mama yenu. Mlinichangia, mkanifungia. Leo nimekuja kuwaambia goti lilienda wapi." Akageuka awaone kina mama. "Daktari alinikataza kupiga magoti. Hamkujua. Mimi nilijua. Siku ya shukrani nilishuka hapo mbele, likafunguka. Nikaona mmefurahi. Nikanyamaza wiki mbili, nikafunga na nguo nzee. Ndiyo sababu. Si imani..."

Hakuna aliyeitika. Mahali fulani mtoto alikuwa akigonga benchi kwa kiatu. Watu walikuwa wanaangalia sakafu, na Nakhumicha akaona uso mmoja baada ya mwingine ukifungwa kama duka. Kwa sababu kila mmoja alikuwa amesema "Magoti!" kwa mdomo wake, na sasa alikuwa ameambiwa.

"Si imani iliyopungua," akaendelea. "Na si dhambi. Ni..."

Mkono wa Pasta ukaja taratibu juu ya wake, ukachukua maikrofoni. Macho yake yalikuwa yanaomba msamaha, lakini sauti ilitoka ile ya Jumapili.

"Kanisa, adui amepigana na ushuhuda wa huyu mama. Hatumwachii! Mahali ulipo, piga magoti, tumwombee arudishiwe kilichoibiwa!"

Ikawa kama mvua imeachiliwa. Wote wakashuka, benchi zikikwaruza, wakafumba macho, wakaanza kuomba kwa sauti, kila mtu na yake. Walifurahi kupata cha kufanya. Pasta pia akashuka. Mia mbili na zaidi, na Nakhumicha peke yake wima katikati yao, na pande zote migongo, na nyayo.

Aliangalia safu ya kina mama. Mama Lynn alikuwa amepiga magoti lakini macho yalikuwa wazi, yamemwangalia yeye. Wakatazamana. Nakhumicha alingoja. Neno moja tu, "nilikiona," lingetosha, hata kama lingepotea kwenye kelele. Mama Lynn alifungua mdomo. Kisha akafumba macho.

Nakhumicha akageuka. Njia ilikuwa nyembamba, imejaa miguu ya watu, na wa kwake ulihitaji nafasi ya kuzunguka. Soli ya tairi ikagonga kisigino cha mtu. Mtu akakivuta bila kufungua macho, akiendelea kulitaja jina lake mbele za Mungu. Mlangoni mhudumu wa siku hiyo alikuwa amepiga magoti akiziba njia. Akamgusa bega. Mhudumu akasogea kidogo, akiendelea kuomba.

Nje jua lilikuwa kali. Spika mbili zilizofungwa juu ya paa zilikuwa zinamwombea mtaa mzima ukisikia: Mama Mourine arudi, Baba, Mama Mourine arudi. Alitembea hadi kwenye gari. Mourine akafungua mlango wa nyuma, akamsaidia kuulaza mguu kwa urefu wa kiti.

"Mum, tumngoje Mama Lynn?"

"Hapana. Twende."

Hakurudi tena.